Mfalme Vikramaditya na Ukurasa wa Nyuma wa Daftari

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wageni katika maadhimisho ya hekalu letu, Morogoro



Kamati iliponiomba niseme machache juu ya mmoja wa wafalme wa kale wa dini yetu, nilisita. Mimi si pandit wala si mwalimu. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Yaliyobaki nimejifunza nyuma ya kaunta, nikipima sukari na kukata vitambaa. Nikajiuliza: ni mfalme yupi ambaye muuza duka anaweza kumzungumzia bila kujivisha joho lisilo lake? Nikamwona mmoja tu, kwa kuwa jina lake limo katika kila daftari nililowahi kulifungua. Huyo ni Mfalme Vikramaditya wa Ujjain. Nimeombwa pia nizungumze kwa Kiswahili, ili majirani wasikie na vijana wetu, ambao Kigujarati chao kinazidi kupungua, wasipate udhuru wa kusinzia.

Wageni wetu, niwaeleze kwanza jambo hilo la daftari. Sisi watu wa asili ya Gujarat tuna mwaka wetu wa hesabu. Huanza mwezi wa Kartak, mara tu baada ya Diwali. Usiku wa Diwali wafanyabiashara huleta madaftari mapya, yale yenye majalada mekundu tunayoyaita chopda, wakayaweka mbele ya Ganesh, Lakshmi na Saraswati. Ukurasa wa kwanza huandikwa jina la Mungu, kisha maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Heri hutangulia, faida hufuata. Halafu huandikwa mwaka, na mwaka huo huitwa Vikram Samvat, yaani mwaka wa Vikram. Hesabu yake imetangulia kalenda ya kawaida kwa miaka 57 hivi. Diwali ya mwaka 2023, kwa mfano, tuliufunga mwaka 2079 na kuufungua mwaka 2080. Nchi ya Nepal hata leo inaitumia hesabu hiyo katika shughuli za serikali, ingawa mwaka wao huanza mwezi mwingine.

Basi Vikram huyu alikuwa nani?

Masimulizi yetu yanasema alikuwa mfalme wa Ujjain, katika nchi ya Malwa, jirani ya Gujarat. Wageni walioitwa Washaka walikuwa wameingia nchini na kuitawala kwa mkono mzito. Vikramaditya aliwashinda na kuwafukuza, na kutokana na ushindi huo akaanzisha hesabu mpya ya miaka, mwaka wa 57 kabla ya Kristo. Lakini mapokeo, hasa ya ndugu zetu Wajaini wa Gujarat, yanaongeza sharti moja ambalo mtoto wa muuza duka halisahau. Mfalme hawezi kuanzisha mwaka mpya kwa kutangaza tu kwa ngoma na tarumbeta. Ni lazima kwanza awakomboe raia wake katika madeni. Vikramaditya, wanasema, alifungua hazina yake akalipa deni la kila mtu, mpaka nchi nzima ikawa haina mdaiwa. Ndipo miaka ikaanza kuhesabiwa kwa jina lake.

Vijana wetu waliosoma wataniuliza: Mzee, hayo ni historia au ni hadithi? Ni swali la haki, na hekalu si mahali pa kukwepa swali la haki. Wanahistoria wanatuambia kwamba maandishi ya kale kabisa yaliyochongwa mawe kwa hesabu hii hayamtaji Vikrama. Kwanza hesabu hiyo iliitwa Krita, baadaye ikaitwa ya Wamalava, na jina la Vikrama lilianza kuonekana katika maandishi ya namna hiyo karibu na karne ya tisa. Wanatuambia pia kwamba yuko mfalme wa hakika kabisa, ambaye sarafu zake zimo katika makumbusho: Chandragupta wa Pili wa ukoo wa Gupta, aliyetawala mwishoni mwa karne ya nne na mwanzoni mwa karne ya tano. Huyo aliwashinda Washaka wa Gujarat na Malwa, naye alijiita Vikramaditya, maana yake Jua la Ushujaa. Baada yake wengine kadhaa walilichukua jina hilo, wakiwamo wafalme wa Chalukya wa kusini. Hata Hemu, aliyeingia Delhi mwaka 1556, alijiita Vikramaditya.

Kwa hiyo wako wanaosema kwamba huyo wa kwanza hakuwapo, na kwamba sifa za wafalme wengi zilikusanywa zikamjenga mtu mmoja. Mimi sina elimu ya kuamua. Lakini sisi wa Morogoro hatupaswi kulistaajabia jambo hili. Soko kuu la mji wetu linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Muulize Mluguru yeyote mwenye umri: Kingalu ni nani? Atakujibu kwamba Kingalu ndiye mwenye mvua, wa kule Kinole. Kingalu yupi? Jina hilo hurithiwa. Mmoja akiondoka mwingine hulivaa, na anayelivaa hubeba pia wajibu wa wote waliomtangulia. Waluguru hawasemi kwamba Kingalu ni uongo kwa sababu wako wengi. Wanasema jina ni kubwa kuliko mtu. Nami naona Vikramaditya ni jina la namna hiyo: kigoda ambacho kila anayetaka kukikalia huulizwa, je, unastahili?

Na hayo ndiyo hasa masimulizi yenyewe yanayosema. Kuna mkusanyiko wa hadithi unaojulikana Bara Hindi nzima, wa kiti cha enzi chenye sanamu thelathini na mbili. Baada ya Vikramaditya kufa, kiti chake kilizikwa ardhini kwa kuwa hapakuwa na anayekistahili. Miaka mingi ikapita. Mahali pale pakawa shamba, na mwenye shamba akajenga dungu juu ya kichuguu ili alinde mazao yake dhidi ya ndege. Akapita Mfalme Bhoja pamoja na askari wake. Mkulima alikuwa juu ya dungu, akawaita kwa ukarimu mkubwa: Karibuni, waheshimiwa, kuleni mtakacho, shamba ni lenu! Wakaingia, wakaanza kula. Mara mkulima akashuka kuwafukuza ndege, na alipokanyaga chini tu akaanza kupiga kelele: Wezi! Mnaniangamiza! Tokeni shambani mwangu! Akapanda tena dunguni, akawa mkarimu tena. Bhoja akastaajabu, akapanda yeye mwenyewe, akahisi moyo wake unapanuka na kutaka kuwaondolea watu wote shida zao. Akaamuru pachimbwe, na chini yake kikapatikana kiti cha Vikramaditya.

Alipotaka kukikalia, sanamu ya kwanza ikasema: Ngoja. Ikamsimulia tendo moja la ukarimu la Vikramaditya, kisha ikamwuliza: Je, wewe umewahi kutenda hivyo? Bhoja akanyamaza, akarudi nyuma. Ikawa hivyo kwa sanamu zote thelathini na mbili. Moja ya hadithi hizo ni ya vito vinne alivyoletewa mfalme kutoka baharini. Kimoja huleta mali, cha pili huleta chakula, cha tatu huleta jeshi, cha nne huleta mapambo. Mfalme akamwambia Brahmin aliyevileta achague kimoja. Yule mtu akaenda nyumbani kushauriana na watu wake. Kila mmoja akataka kito chake, wasipatane. Mfalme aliposikia, akampa vyote vinne ili nyumba ile isivunjike kwa ugomvi.

Tangu utotoni nimeipenda zaidi ile ya dungu. Kila aliyepita Mgeta au Matombo msimu wa mazao ameona dungu, na ameona mtoto amekaa juu yake akipiga kelele kuwafukuza ndege na ngedere. Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi hii ni ya kuchekesha tu. Sasa nina zaidi ya miaka sitini, nami najua kwamba yule mkulima ni mimi. Hapa hekaluni tuko juu ya dungu. Tunatoa, tunagawa prasad, tunawaita watu waje kula. Tukishuka na kufungua duka asubuhi, sauti yetu hubadilika. Naomba ruhusa yenu nisimulie siku moja niliposhuka kutoka dunguni, kwa maana mtu akimsifu mfalme kwa kulipa madeni, yampasa aeleze na hesabu yake mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo hapa mjini. Wateja wake wengi walitoka mlimani. Walishuka na mizigo kichwani, wakauza sokoni, wakanunua chumvi, mafuta ya taa, nguo. Msimu ukiwa mbaya walichukua mali kauli, nasi tukaandika. Baba alifariki mwaka 1986, kabla ya Diwali, nikabaki na duka lenye rafu nusu tupu, mama mjane, na daftari la Samvat 2042. Mnaokumbuka miaka ile mnajua hali ya biashara ilivyokuwa. Nikaamua kwamba kabla sijafungua daftari jipya nitakusanya madeni yote ya la zamani. Nikaazima pikapu, nikaiacha barabara ya Iringa, nikapanda kwenda Mgeta.

Katika orodha yangu kulikuwa na jina la mzee mmoja. Nilipofika nikaambiwa alikwisha kufariki, na kwamba deni lile lilikuwa la mazishi yake: bafta ya sanda, sukari, mafuta ya taa. Mjane wake alitoka nje kunipokea. Sikumbuki kama nilimwamkia shikamoo. Nakumbuka nilifungua daftari. Yule bibi hakubisha neno. Aliingia ndani, akatoka na fedha zilizofungwa katika pindo la khanga, akanihesabia. Hazikutosha. Akaniambia kwa salio nichukue maharage, debe mbili, yaliyokuwa uani. Nikayapima, nikayapakia. Njiani nikishuka nilijiona mfanyabiashara kamili.

Usiku wa Diwali nilikaa na mama kuhamisha hesabu kwenda daftari jipya. Nikamweleza kwa majivuno deni la Mgeta lililolipwa. Mama akalivuta daftari, akaniwekea kidole penye nukta ndogo ya wino kando ya jina lile. Akaniuliza: Hukuiona hii? Nikamwambia niliiona, nilidhani wino umedondoka. Akasema: Yenye nukta baba yako hakuyadai. Nikamwuliza kwa nini basi aliyaandika. Akajibu: Kwa sababu yalikuwa ya kweli. Daftari haliandikwi uongo, lakini si kila ukweli unadaiwa.

Kisha akaligeuza daftari, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, ambao sikuwahi kuutazama. Hapo baba alikuwa ameandika, si wanaotudai fedha, maana hao walikuwa na ukurasa wao, bali wale aliowaona kuwa wametukopesha kwa namna nyingine. Katika mistari ile ulikuwamo mmoja wa Samvat 2031, mwaka ulioanza kwa Diwali ya 1974. Wengi wenu mnaikumbuka njaa ya wakati ule. Uliandikwa: magunia mawili ya viazi, kutoka kwa yule yule mzee wa Mgeta, na mbele yake: bei hakutaka. Nikapekua madaftari ya nyuma. Mstari ule ulikuwa umehamishwa kila mwaka, mara kumi na moja, kwa mwandiko ule ule. Nilikuwa na umri wa kutosha mwaka ule kukumbuka kwamba tulikula viazi kwa wiki nyingi. Sikuwahi kuuliza vilitoka wapi.

Mvua zilipopungua nilipanda tena Mgeta na fedha, na thamani ya maharage, na kitu juu yake. Safari hii nilianza kwa shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, akanikaribisha, akanipa maji. Nikaeleza kosa langu lote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akazisukuma fedha zangu upande wangu wa mkeka. Alisema: Mwanangu, ile sanda nililipa ili mzee alale. Ukinirudishia, unamwamsha. Nikasema basi apokee thamani ya viazi. Akacheka kidogo, akasema: Vile havikuuzwa. Kisichouzwa hakilipwi.

Nilirudi mjini na fedha zangu zote mfukoni, na sijawahi kushuka mlima na mzigo mzito zaidi ya ule. Bibi yule naye sasa ni marehemu. Watoto wake na wajukuu wake najuana nao. Tunazikana na tunaalikana. Mstari wa magunia mawili nimeendelea kuuhamisha kila Diwali, kutoka daftari hadi daftari, na siku hizi, ingawa hesabu za duka zimo katika kompyuta, ukurasa huo bado nauandika kwa mkono.

Ndugu zangu, nimeyawaza maneno ya bibi yule pamoja na habari za Mfalme Vikramaditya kwa miaka mingi, na nimefikia hapa. Mfalme alilipa madeni ya fedha ya watu wake, na hilo ni tendo tukufu, kwa maana deni la fedha humfunga mtu asiweze kuinua kichwa. Mwenye uwezo wa kumfungua mwenzake na asimfungue, hana haki ya kuandika mwaka wa Vikram juu ya daftari lake. Lakini liko deni la aina nyingine, ambalo hata hazina ya Ujjain isingelilipa. Maandiko yetu ya Veda yanasema mwanadamu huzaliwa akiwa mdaiwa. Anadaiwa na miungu, anadaiwa na wenye hekima waliomwachia elimu, anadaiwa na wazazi wake wa kale. Na Shatapatha Brahmana inalitaja la nne: anadaiwa na watu, na deni hilo hulipwa kwa kuwakaribisha na kuwapa chakula. Angalieni kwamba halisemi watu wa kabila lake wala wa dini yake. Linasema watu.

Babu zetu walipofika hapa, wakiifuata reli iliyoingia Morogoro mwaka 1907, fedha iliyotumika ilikuwa rupia, na walijua kuihesabu. Lakini maji waliyokunywa yalishuka kutoka Uluguru bure. Mpaka leo mto Ruvu unaoanzia katika milima ile ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Majirani walitufundisha lugha ninayosema sasa, nao wakaweka katika lugha hiyo maneno yetu, laki, bima na gari, bila kutudai kodi. Mwaka 1971 majengo yalipotaifishwa, wengi wa ndugu zetu waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Siwalaumu, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini sisi tuliobaki tusiwasimulie watoto wetu ukurasa wa mbele tu, wa tulichopoteza na tunachodai. Tuwasomee na ukurasa wa nyuma. Daftari lenye upande mmoja halijawahi kusawazika.

Nina ombi moja kwa kamati, na nalitoa mbele ya mashahidi. Diwali ijayo, daftari la hekalu litakapowekwa mbele ya Lakshmi, tuweke ndani yake ukurasa wa nyuma. Tuandike humo kile ambacho mji huu na mlima huu umetupa na haukutaka bei. Kila familia ilete mstari wake. Na kila mwenye duka apitie orodha ya wadaiwa wake, atie nukta pale panapostahili. Hatuwezi kuwa Vikramaditya, na sanamu ya kwanza tu ingetosha kuturudisha nyuma. Lakini nukta moja ya wino kila mtu anaimudu.

 Chakula kiko tayari uani, na majirani zetu ndio watakaotangulia. Tafadhali msituonee haya. Leo bado tuko juu ya dungu. Mtuombee tu, kesho tutakaposhuka, sauti zetu zisibadilike.

Jai Shri Krishna.